Nimeomba nafasi 11 kwenye vikosi vya Hotshots, hakuna aliyejibu. Nakosea wapi?

Swali: "Shikamoo kaka. Nina miaka 24, naishi Boise, Idaho. Nilizaliwa Fizi, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukaletwa Marekani nikiwa na miaka 15. Mwaka jana nimepata uraia. Kwa sasa nafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Nataka kuingia kikosi cha Hotshots kinachopambana na moto wa misitu. Nakimbia maili 5 kila siku. Majira ya baridi yaliyopita niliomba nafasi 11, hakuna aliyenijibu hata kwa kunikataa. Nakosea wapi? Halafu mama hataki. Anasema sisi tumeshakimbia moto mmoja, kwa nini nikautafute mwingine? Na kweli kwenye picha za vikosi hivyo sioni mtu anayefanana nami."

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ile namba 11. Mtu anayeomba mara 11 bila kujibiwa, akaamka kesho yake akakimbia maili 5, moyo anao. Tatizo lako ni kwamba unapiga hodi dirishani wakati mlango uko upande wa pili wa nyumba. Nitakuonyesha mlango, ila kwanza niseme kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine ambao hawavijui vikosi hivi.

Hotshots walianza kusini mwa California mwishoni mwa miaka ya 1940. Jina walilipata kwa kupelekwa pale moto ulipokuwa mkali zaidi. Leo vikosi vimezidi 100 nchi nzima, kila kimoja kina watu kama 20, na vingi viko chini ya Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu. Watu hufikiri ni watu wa mipira ya maji. Maji huwa hayafiki kule. Kazi yao kubwa ni kukata kinga: wenye chenso wanatangulia kuangusha miti na vichaka, wengine wanavuta matawi na kuyatupa upande usioungua, nyuma yao wanakuja watu wa majembe wanaokwangua majani na mizizi mpaka udongo mtupu uonekane, moto ukifika ukose cha kula. Mara nyingi wao wenyewe huwasha moto kutoka kwenye kinga kuelekea kwenye moto mkubwa, ili vikutane katikati na kuishiwa.

Mimi nimezaliwa Mufindi, jirani na shamba la miti la Sao Hill. Nikiwa mtoto niliwaona wazee wakisafisha barabara za moto kila mwaka kabla kiangazi hakijakaza. Kwa hiyo nilipokabidhiwa jembe kwenye mlima wa Marekani, kazi niliitambua. Tofauti ni kwamba kule nyumbani tulifyeka moto ukiwa haujazaliwa, na huku nilifyeka nikiusikia unavyonguruma ng'ambo ya bonde. Nilikaa misimu minane kwenye hotishoti, mitatu ya mwisho nikiwa miongoni mwa wanaosoma maombi ya watu wapya na kupiga simu kuwaulizia. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyaona kutoka pande zote mbili za meza.

Nianze na kukimbia, maana ndiko unakojivunia.

Siku yangu ya kwanza mkuu wa kikosi alituongoza kupanda mlima, kila mtu na begi la kilo 20 mgongoni na zana mkononi. Tulikwenda mstari mmoja. Msimu huo nilikuwa nimetoka kukimbia nusu marathoni, nikajiona nimeiva. Dakika ya 25 mapaja yakaanza kuwaka. Nikaachia hatua tatu, zikawa kumi. Aliyekuwa nyuma yangu akasema neno moja: "Pengo." Hakulisema kwa hasira wala kwa kejeli. Alilisema kama mtu anavyokuambia kamba ya kiatu chako imefunguka.

Nilichelewa kuelewa kwa nini neno lile dogo ni zito vile. Mmoja akiachia nafasi, walio nyuma yake wanasimama, kisha inawalazimu wakimbie kuiziba, kisha wanasimama tena. Mstari unavutika na kurudi kama mpira, na anayelipa gharama yote ni wa mwisho, ambaye huenda ndiye amebeba chenso na galoni ya mafuta. Atafika juu amekwisha, na kazi yenyewe haijaanza. Saa 16 zinamsubiri. Siku upepo ukigeuka na amri ya kutoka ikatolewa, mstari wenye pengo ni makundi mawili yasiyoonana katikati ya moshi. Ndiyo maana mkuu wa kikosi anayesoma jina lako haulizi kama una mbio. Anajiuliza kama wewe ni mtu wa kuacha pengo: mlimani, asubuhi gari linapoondoka, na usiku wa kumi na mbili wa safari wakati kila mtu amechoka na kuna mtu lazima anoe majembe.

Mtihani rasmi wa serikali si mgumu kwa kijana kama wewe. Unabeba pauni 45, yaani kilo 20 na kidogo, unatembea maili 3 kwenye ardhi tambarare ndani ya dakika 45, na kukimbia ni marufuku. Huo ni wa kila mzima-moto wa nyikani. Hotishoti wanaongeza vipimo vyao: maili moja na nusu kwa kama dakika 10 na nusu, pushapu 25 kwa dakika moja, kujiinua kutoka kulala chali mara 40 kwa dakika moja, na kujivuta kwenye chuma mara nne hadi saba kulingana na uzito wako. Wewe utavipita vyote. Lakini nimeona waliovipita vyote wakaacha pengo wiki ya kwanza, kwa sababu mapafu yalikuwa ya mkimbiaji na mapaja hayakuwahi kubeba kitu.

Kwa hiyo punguza maili zako. Una bahati kwamba kilima cha Table Rock kiko hapo nyuma ya mji. Panda mara tatu kwa wiki, anza na kilo 10, ongeza mbili kila baada ya wiki mbili mpaka upite kidogo zile 20. Beba maji, na ukifika juu mwaga mengi chini ya mti kabla ya kushuka. Magoti huharibika kwenye mteremko wenye mzigo, na magoti hayo unayahitaji miaka mingi. Ukipanda pale angalia pia unapokanyaga. Kilima kile kiliungua mwaka 2016 kwa sababu ya fataki za watu wasiojali, zaidi ya ekari 2,000. Angalia nyasi zilizorudi na vichaka ambavyo havijarudi. Ni darasa la bure.

Buti nunua mapema: za ngozi, zinazopanda juu ya kifundo inchi 8 au zaidi, soli ya meno. Zivae ghalani usiku, zivae sokoni, mpaka zikuzoee. Nimemwona kijana mwenye nguvu kuliko sote akirudishwa kambini siku ya pili kwa malengelenge, buti zake zikiwa bado zina harufu ya duka.

Na kuna jambo moja la mwili nakusihi ulishike. Wiki za kwanza za mazoezi ya kikosi ndizo watu wanapojiumiza vibaya, kwa sababu kila mgeni anataka kuonekana. Misuli ikilazimishwa kupita kiasi kwenye joto inaweza kuanza kuvunjika, na mabaki yake yakaziba figo. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, au misuli inauma na kuvimba kupita uchovu wa kawaida, sema saa hiyo hiyo. Kunyamaza hapo si uanaume, kunaweza kukupeleka kwenye mashine ya kusafishia damu.

Sasa mlango.

Nafasi za serikali kuu hutangazwa kwenye USAJOBS, tovuti ya ajira za serikali kuu, na msimu wa kuomba ni mapema kuliko watu wengi wanavyodhani: majira ya kupukutika majani na mwanzo wa baridi, kwa ajili ya kiangazi kinachofuata. Anayekumbuka Machi amechelewa. Tangazo moja linaweza kubeba vituo vingi sana, na mfumo unakuuliza uchague ni vituo gani unavitaka. Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. Usipochagua mji ambao kikosi kimekaa, mkuu wa kikosi hicho halioni jina lako kabisa, hata ungekuwa mwanajeshi mstaafu mwenye medali. Nadhani angalau machache kati ya yale 11 yako yaliishia hapo, ukimya wake ukawa si wa kukataliwa bali wa kutoonekana.

Pili, wasifu. Serikali ya Marekani haisomi wasifu kama kampuni. Kila kazi iandikwe mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, na saa ulizofanya kwa wiki. Saa zikikosekana, karani anayechuja hana namna ya kuhesabu uzoefu wako, anauweka pembeni. Siku hizi wanataka usizidi kurasa 2, kwa hiyo usijaze maneno ya sifa. Andika kwamba unasimama kwa saa 10 kila usiku ukiinua mizigo ya uzito fulani, kwamba unaendesha forklifti kama unaiendesha, kwamba hujakosa zamu. Na usifiche Nyarugusu. Kama ulikata kuni, ulilima, ulichimba, andika. Mkuu wa kikosi akisoma kwamba mtu alibeba kuni kichwani kilomita kadhaa akiwa na miaka 12, ataelewa jambo ambalo cheti cha mazoezi hakimwambii.

Tatu ni jambo ambalo vijana wetu wengi walioletwa wakiwa watoto hawaambiwi na mtu. Kazi hizi za serikali kuu kwa kawaida zinahitaji uraia, nao unao. Lakini mwanaume pia lazima awe amejiandikisha kwenye Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, kati ya miaka 18 na 26, na hilo linawahusu hata wakimbizi na wenye kadi ya kijani. Asiyejiandikisha akapita umri huo anaweza kufungiwa ajira ya serikali kuu, na kujieleza baadaye ni safari ndefu. Wewe una miaka 24. Hakikisha wiki hii, inachukua dakika chache. Hakikisha pia leseni yako ya udereva ni halali. Bangi iache kabisa, hata ukipita majimbo ambayo wameiruhusu, kwa sababu kipimo ni cha serikali kuu na serikali kuu haijairuhusu.

Baada ya hapo, simu. Hapa ndipo mlango ulipo hasa, na najua ndipo utakapoogopa, kwa sababu umelelewa kama nilivyolelewa mimi: mdogo hampigii mkubwa asiyemjua. Huku inatarajiwa. Mkuu wa kikosi ana orodha ya majina mia kadhaa na nafasi chache, na jina lenye sauti linatangulia jina lisilo na sauti. Piga simu kituoni mchana wa siku ya kazi. Sema jina lako taratibu, sema unaishi wapi, sema umeomba nafasi yao na umechagua kituo chao. Kisha uliza wanatafuta nini kwa mtu mpya, na kama unaweza kwenda kuwaona. Usianze kujisifu. Ukikuta mashine, acha jina na utaje namba mara mbili. Wiki mbili baadaye piga tena. Idaho City Hotshots wako milimani hapo juu yenu, mwendo usiozidi saa moja hivi kwa gari. Nenda ukiwa na buti zako na wasifu mkononi, uulize kama kuna siku wanapanda mlima ambayo mgeni anaweza kuwafuata. Ukikubaliwa, kaa nyuma ya mtu uliyewekwa nyuma yake na usimwachie. Hakuna mahojiano bora kuliko hayo.

Lakini huenda wakakuambia: nenda kwanza ukapate msimu mmoja mahali pengine. Ukiambiwa hivyo usivunjike moyo, kwa sababu hesabu yao iko wazi. Kanuni zinataka watu 8 kati ya kila 10 kwenye kikosi cha hotishoti wawe wameshafanya angalau msimu mmoja wa moto. Kikosi cha watu 20 kinabaki na nafasi nne tu za wasiowahi, na mara nyingi hazifiki nne. Wewe ulikuwa ukigombea nafasi hizo nne tu, mara 11.

Ushauri wangu, na hapa nasema kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja, ni kwamba baridi hii omba hotishoti, lakini omba pia magari ya zimamoto ya nyikani ya BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma) na ya misitu, vikosi vya daraja la pili vinavyokata kinga kwa zana za mkono, na Idara ya Ardhi ya jimbo la Idaho. Msimu wa gari la zimamoto utakufundisha pampu, mipira, redio, na moto wa nyasi unavyokimbia kuliko farasi. Wapo wanaoudharau msimu huo. Mimi naona waliopitia huko huwa watulivu zaidi wakiingia hotishoti, kwa sababu wameshaona moto ukifanya jambo wasilolitarajia wakiwa karibu na gari. Kwa wasomaji wenye kadi ya kijani ambao bado hawajapata uraia: kampuni binafsi zenye mikataba ya kupeleka vikosi kwenye moto huajiri watu wenye kibali cha kazi, hasa Oregon, na msimu huo unahesabika baadaye. Na kwa waliovuka umri: ajira ya kudumu kwenye kazi hii ina ukomo, lazima uingie kabla ya kutimiza miaka 37.

Kozi za mwanzo ni chache na sehemu kubwa unaweza kusoma mtandaoni: tabia ya moto, kazi ya mzima-moto, mambo ya kibinadamu kazini, na mfumo wa uongozi wa matukio. Kuna siku ya vitendo ambapo utafundishwa kufungua kile kifuko cha foili cha kujifunika moto ukikuzidi. Ukifaulu na mtihani wa mzigo ukapita, unapewa kadi nyekundu, yaani kitambulisho kwamba unaruhusiwa kwenda kwenye moto. Ukija nayo tayari, umempunguzia mwajiri kazi. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, ingawa sheria ya mwaka 2025 imeuongeza kwa kudumu. Fedha iko kwenye saa za ziada, ambazo msimu mkali zinaweza kufika 1,000, na kwenye posho ya hatari ya asilimia 25.

Sasa nikuambie kosa langu mwenyewe, ili wewe usilirudie.

Msimu wangu wa kwanza nilipewa maelekezo redioni: nihamie sehemu fulani ya kinga, nikae upande fulani wa jabali. Kiingereza changu kilikuwa cha shule na cha vitabu, na yule aliyezungumza alikuwa mtu wa mashambani aliyemeza nusu ya maneno. Nikajibu kwamba nimepokea. Nilikuwa nimeelewa nusu. Nikaenda upande mwingine wa jabali, mahali ambapo hakuna aliyeniona. Dakika 20 hivi watu wawili waliacha kazi kunitafuta huku moshi ukishuka. Hakuna kilichotokea siku ile. Jioni mkuu wa kikosi aliniita pembeni, akaniuliza swali moja: kwa nini ulisema umeelewa? Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu kuuliza mara ya pili mbele ya wote. Akanisomea moja ya zile amri kumi za wazima-moto, zilizoandikwa mwaka 1957 baada ya vifo vingi: toa maelekezo yaliyo wazi, na uhakikishe yameeleweka. Akasema amri ile ina pande mbili, na upande wa pili ni wangu.

Tangu siku hiyo kila nilichoambiwa nilikirudia kwa maneno yangu kabla sijaondoka. Hakuna aliyecheka. Walioanza kunifuata kufanya hivyo walikuwa wazawa. Kwa hiyo lafudhi yako isikutie hofu hata kidogo. Hofu yako iwe kusema ndiyo kabla hujajua ndiyo ya nini. Fanya mazoezi ya kusema mambo kwa ufupi: uko wapi, unaona nini, unahitaji nini.

Utakapoanza mafunzo utakutana na jina la Paul Gleason, aliyekuwa mkuu wa Zigzag Hotshots kule Oregon. Mwaka 1991 alizikusanya kanuni nyingi za usalama katika mambo manne ambayo mtu anaweza kuyakumbuka akiwa amechoka: awepo mtu wa kuangalia moto, yawepo mawasiliano, iwepo njia ya kutokea, liwepo eneo salama la kukimbilia. Yajue manne hayo kama unavyolijua jina la mama yako. Kila asubuhi kabla ya kupiga jembe la kwanza, jiulize mwenyewe hata kama kiongozi ameshasema: anayetuangalia ni nani, natokea wapi, na itanichukua dakika ngapi nikiwa nimechoka hivi?

Mengine ya mtu mpya ni ya adabu, na wewe uliyelelewa na wazee unayo tayari. Fika kabla ya wote. Noa zana ya mwenzako ukimaliza yako. Usikae kama kuna mtu anapakia gari. Wakati wa kuzima masalia, siku za mwisho za moto, tunavua glavu na kupapasa majivu kwa mgongo wa mkono, futi kwa futi, kutafuta joto. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha. Wakuu wa vikosi huwaangalia watu wapya hapo kuliko kwenye miali.

Kuhusu picha ulizoziona. Ni kweli, watu weusi kwenye vikosi hivi ni wachache, na zipo siku utachoka kuwa peke yako. Lakini usidhani unaingia mahali ambapo hakuna mtu wa rangi yako aliyewahi kukanyaga. Mwaka 1945 kikosi cha 555 cha askari wa miamvuli, Waafrika Waamerika watupu, kilipelekwa Pendleton, Oregon. Jeshi la wakati ule lilikuwa linawatenga kwa rangi. Wao waliruka kutoka kwenye ndege kuingia katika misitu inayoungua, wakafika kwenye moto 36 na kuruka zaidi ya mara 1,200. Mmoja wao, Malvin Brown, alifariki Agosti 6 mwaka huo akishuka kutoka kwenye mti, na ndiye mruka-miamvuli wa kwanza kufa akienda kuzima moto Marekani. Ukisimama mlimani Oregon ukiwa mweusi peke yako kwenye mstari wa watu 20, kumbuka kwamba waliokutangulia walishuka kutoka angani.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu swali lake ndilo zito.

Usimwambie kwamba hakuna hatari. Julai 6, 1994, kwenye mlima Storm King, Colorado, walikufa wazima-moto 14, na 9 kati yao walikuwa wa Prineville Hotshots. Juni 30, 2013, huko Yarnell, Arizona, Granite Mountain Hotshots walipoteza watu 19 kwa mara moja. Alibaki mmoja, aliyekuwa amewekwa mbali kuangalia moto. Walikuwa watu wenye mafunzo, wengi wao vijana wa umri wako. Na kuna hatari isiyo na kishindo: mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya uzima-moto kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Moshi tuliovuta haukutoka wote. Mimi napimwa kila mwaka.

Mimi mama yangu nilimdanganya. Misimu miwili nilimwambia nafanya kazi msituni, nikaishia hapo. Akadhani napanda miti. Siku moja jirani akamwonyesha video niliyomtumia rafiki yangu. Mama hakunigombeza. Aliacha tu kupokea simu zangu karibu mwezi mzima, na alipopokea alisema kwamba kilichomuuma si moto, ni kwamba miaka miwili amekuwa akisali sala isiyo yangu.

Kwa hiyo mwambie mama yote sasa, kabla hujapata kazi. Mwambie kwamba kila safari ni siku 14, na kwamba kuna wiki simu haitashika, na ukimya huo hauna maana kwamba kuna baya. Pale Boise, kwenye kituo cha taifa cha kuratibu moto, kuna mnara wa kumbukumbu ya wazima-moto wa nyikani, na bustani yenye njia ya kutembea. Mpeleke Jumapili moja mkiwa hamna haraka. Mwache asome majina. Akikuuliza tena kwa nini unautafuta moto, usimjibu kwa nilichokuambia mimi. Mjibu kwa lako, na kama bado hulijui, mwambie hulijui. Anaweza asikubali. Nimewafahamu wenzangu walioingia bila baraka za nyumbani na wengine walioacha kwa heshima ya nyumbani, na sijui wa kumlaumu kati yao.

Ila ukiajiriwa, siku ya kwanza kikosi kitakupa karatasi inayouliza apigiwe nani kama kuna jambo limetokea. Wengi huijaza wamesimama, juu ya boneti ya gari. Iombe mapema, uipeleke nyumbani, muijaze pamoja na mama, umsomee kila mstari kwa Kiswahili kabla hujaandika namba yake.